Wayang kulit: usiishie mbele ya pazia

Ukisikia makumbusho yana jioni ya bure ya sanaa za Asia na kuna wayang kulit, maonyesho ya vikaragosi vya vivuli kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, fika mapema halafu zunguka nyuma ya pazia. Huko ndiko aliko dalang: mtu mmoja, sauti zote zake, anachezesha vikaragosi vya ngozi ya nyati huku akigonga sanduku kuwapa ishara wapiga gamelan, kundi la ala za Java, hasa gongo na ala za shaba. Tazama chini: vikaragosi vimechomekwa kwenye shina la mgomba, ndiyo, mgomba huu huu wetu. Ni laini, lina maji, linashika kijiti wima. Likikauka, vinalegea. Kikaragosi kikisogea karibu na taa iliyo nyuma ya pazia, kivuli kinakua na kingo zinafifia. Flashi ya simu inafuta vivuli vyote, jamani zimeni! Kwao Java huchezwa usiku kucha, makumbusho hufupisha.