Zawadi za kutengeneza nyumbani kwa mtoto wa miaka 10 hadi 12

Midoli ameshaiacha, simu bado umri haujafika, na chochote chenye picha ya katuni anakiona cha wadogo zake. Mtoto wa umri huu anataka kitu cha kutumia, kiwe chake peke yake, na wenzake darasani wasiwe nacho. Hapo kazi ya mikono inalishinda duka, ila kwa sharti moja: iwe imemalizwa vizuri. Nyuzi zisining'inie, kingo zinyooke, gundi isionekane. Watoto hawa huziona kasoro upesi na huona haya kutoa kitu kibovu mbele ya marafiki.

Zawadi ya kuanzia ni daftari la siri la kushonwa kwa mkono. Chukua karatasi 12 za A4, uzikunje katikati tatu tatu. Ukizikunja zote kwa mara moja mkunjo unakuwa wa mviringo na daftari halifungi. Sugua kila mkunjo kwa mgongo wa kijiko, kisha pachika kundi moja ndani ya jingine. Zitatoka kurasa 48. Karatasi za katikati zitachomoza milimita moja au mbili kuliko za nje, hivyo nyoosha ukingo kwa rula ya chuma na wembe mpya, ukipitisha wembe polepole mara nyingi. Ukikata kwa nguvu mara moja, karatasi huchanika.

Jalada ni manila ya sm 21.6 kwa 30.8, ikunje katikati kabla ya kuibandika kitambaa. Kata kitenge sm 26 kwa 35. Kitenge cha daftari usikifue: ile wanga ya dukani ndiyo inayozuia gundi isipenye ikaacha madoa upande wa juu. Paka gundi nyeupe ya seremala kwenye manila, wala si kwenye kitambaa, tabaka jembamba tu, kisha laza kitambaa ukikisukuma kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kona zikate mshazari, ila uache nafasi ya milimita 3 kutoka kwenye ncha ya manila. Ukikata hadi nchani, manila itachungulia. Geuza kingo, ubandike.

Kipande cha kanga chenye jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, pia hupendeza sana kwenye jalada. Pima kwanza kama maneno yataenea, maana mara nyingi ni marefu kuliko daftari, na chagua jina la heri. Majina ya mafumbo na vijembe waachie wakubwa. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, kwa hiyo punguza gundi zaidi.

Shona kifungo kwenye jalada la mbele sasa hivi, kabla ya kubandika karatasi ya ndani, ili fundo lifichike. Karatasi hiyo ya ndani, sm 21 kwa 30, si ya urembo tu: kitambaa kikikauka huivuta manila, na bila kitu cha kuvuta upande wa pili jalada hupinda. Lilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito, likiwa limetandikiwa nailoni juu na chini.

Kwenye mkunjo weka alama tano: sm 2.5, 6.5, 10.5, 14.5 na 18.5. Fungua karatasi katikati, zilaze juu ya magazeti, utoboe kwa shazia (sindano kubwa) kutoka ndani kwenda nje. Kisha zilaze ndani ya jalada, milimita 3 zibaki juu na chini, ulitoboe jalada kupitia matundu yale yale. Tumia uzi wa fundi viatu, sm 60. Anza ndani, tundu la 3, utoke nje na kuacha mkia wa sm 8. Ingia 4, toka 5, rudi ndani 4. Ruka tundu la kati kwa ndani, toka 2, ingia 1, toka 2, malizia kwa kuingia 3. Kabla ya kufunga hakikisha ncha mbili ziko pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani, fundo liukamate; lisipoukamata, mshono hulegea baada ya wiki chache. Vuta uzi ukiufuata mkunjo. Ukiuvuta kwenda juu utaichana karatasi.

Kwa msichana, shona kifuko cha pedi. Wapo wanaoanza hedhi wakiwa na miaka 9 au 10, na kujiandaa mapema humwepusha na aibu shuleni. Kitenge hiki kifue na kukipiga pasi kwanza, maana pamba hurudi na rangi huchuja. Kata vipande viwili vya sm 16 kwa 40, kimoja cha nje, kimoja cha bitana. Shona uso kwa uso, sm 1 kutoka ukingoni, acha mwanya wa sm 6, kisha geuza. Kunja sm 14, shona pembeni, sm 10 zinazobaki ni mfuniko. Weka ndani pedi tatu na chupi safi. Mpe faraghani, si mbele ya wageni.

Mvulana mwenye baiskeli atafurahia kifuko kama hicho kikiwa kikubwa kidogo, cha jinzi kuukuu, ndani yake viraka vya kuzibia pancha, msasa, spana inayolingana na nati za magurudumu yake na solusheni (gundi ya viraka) ambayo haijafunguliwa, kwani ikishafunguliwa hukauka upesi.

Ukibakiwa na muda, ongeza mafuta ya midomo: gramu 10 za nta ya nyuki kwa gramu 30 za mafuta ya nazi, hujaza vikopo vinne vidogo. Yeyushia kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Dondoshea tone kwenye kijiko baridi: likiwa laini mno ongeza nta kidogo, hasa kwa joto la pwani ambako mafuta ya nazi hayagandi kabisa. Limau na ndimu usitie, huunguza ngozi juani.