Mbayuwayu Wanne wa Fenda ya Kulia

Kitambaa kilikuwa cha pamba, cheupe, na nilikitandika juu ya fenda, bati la gari lililo juu ya gurudumu la mbele, kwa mkono wangu ili vifungo vya shati visikwaruze michoro nikiinamia injini. Kila nikilitazama lile gari, kitambaa hicho ndicho kinachonijia kwanza.

Gari ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, ile ambayo taa zake huchomoza kutoka kwenye boneti ukiziwasha. Injini ya lita 1.6, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, uzito ni kama tani moja tu. Nililipata likiwa jeupe, rangi imefubaa. Dada yangu mkubwa, ambaye riziki yake ilikuwa kuchora mabango kwa mkono, alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja mlangoni, akasema, "Mdogo wangu, hili usilibandike stika. Niachie mimi."

Tulifanya kazi pamoja wiki tatu, mimi chini ya gari, yeye juu yake. Mimi nilifunga springi fupi na ngumu, shokapu zinazorekebishika, upinde wa chuma nyuma ya viti, kiti cha mbio na mikanda yake. Yeye alianza na msasa wa maji, namba 400 kisha 800, mpaka bodi yote ikapoteza mng'ao. Halafu akaanza kuchora mbayuwayu. Hakupiga penseli, aliweka mistari michache ya chaki, akaegemeza mkono juu ya fimbo, akashusha brashi. Brashi zake zilikuwa na nywele ndefu laini zinazobeba enameli, rangi ya mafuta ya mabango, ya kutosha kuvuta mstari mrefu bila kulirudia kopo. Bawa moja, mpigo mmoja. Nikitoa kichwa chini ya gari kuomba spana, nilikuta ndege wameongezeka. Walikuwa 46, wadogo kwenye taa, wakubwa milangoni, wote wametandaza mabawa. Stika ingekamilika kwa siku mbili, lakini stika haina mahali mkono ulipokaza na mahali ulipolegea, na mimi hapo ndipo jicho langu hukaa.

Jambo moja tulikuwa hatukubaliani. Jioni tulikuwa tukitazama picha za magari ya BMW yaliyopakwa rangi na wasanii. Mimi nilipenda yale yaliyokwenda vitani: lile la Alexander Calder lililoshiriki mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1975, na M1 ambayo Andy Warhol aliipaka mwenyewe kwa chini ya nusu saa, ikamaliza ya 6 kwenye mbio hizo za saa 24 mwaka 1979. Dada alirudi kila mara kwenye BMW 525i ya msanii wa Afrika Kusini, Esther Mahlangu, ya mwaka 1991, na mistari yake ya Kindebele iliyonyooka bila rula. Hiyo haikushindana popote. "Na ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Kazi kama hii unaipelekaje kwenye kokoto?" Sikumjibu. Siku ya kwenda uwanja wa mbio nilikuwa nimeshaipanga.

Nilimwomba basi apulize klia, ile rangi ang'avu ya juu, juu ya ndege ili walindike. Alikataa. Enameli ikiwa bado changa, tina iliyo ndani ya klia huikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ilihitaji wiki nyingi zaidi. Kwa hiyo ndege walikuwa wazi kabisa usiku ule nilipoamua kumalizia breki.

Breki zisingeweza kungoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji kiwango hicho hushuka hadi 155, na joto hilo diski hulifikia mapema uwanjani. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi sakafuni. Yale ya zamani yalikuwa yamegeuka kahawia. Nikayatoa, nikafunga pedi za mbio na mabomba yaliyofumwa kwa waya wa chuma, kisha rafiki akakaa kwenye pedali tukatoa upepo gurudumu baada ya gurudumu. Kila mara nilipoongeza mafuta kwenye kikopo, matone yaliangukia kitambaa. Niliridhika kwamba kitambaa kiko pale. Sikufikiri kwamba kinayashika na kuyalaza juu ya rangi kwa saa nzima, na mafuta ya breki hula rangi.

Nilipokiinua, mbayuwayu wanne waliondoka nacho. Nilimwaga maji ndoo nzima, maana mafuta hayo huyeyuka kwenye maji, lakini palibaki doa lenye mikunjo na chuma kikichungulia. Nikaenda kumwamsha dada. Alisimama mbele ya fenda kwa muda mrefu, akagusa pembeni mwa doa kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, "Breki zinashika?"

Nikasema zinashika.

"Basi kesho nakaa na wewe."

Asubuhi alivaa helmeti akajifunga mikanda, kimya. Mzunguko wa kwanza nilikwenda taratibu, kwa kuwa pedi za mbio zikiwa baridi hazikamati. Wa pili nikalifungulia gari. Mwisho wa mstari mrefu nikakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, pua ikazama, tukageuka, nikamsikia dada akivuta pumzi kwa nguvu. Kwa mizunguko sita hakusema neno.

Tulipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye mlango, akawatazama ndege wake. Kokoto zilikuwa zimeshawadonoa wawili. Hakuuliza habari zao.

"Hawa wameelea tu," alisema. "Ndege akienda hivi hapigi bawa."

Baada ya mwezi alisafisha lile doa, akapiga praima, akachora wanne wapya. Mabawa wameyabana nyuma, vifua vimenyooka, na mkia wa kila mmoja ni mpigo mmoja mrefu unaovuka ukingo wa fenda na kuingia mlangoni, kwa ndege wale 42 wa zamani. Hao hakuwagusa.