Paka chini ya kiti 22B

Pasi ile ya kupandia ndege bado naitunza ndani ya daftari langu la pumu. Mbele imeandikwa kiti 23C. Nyuma kuna namba tatu nilizoandika kwa kalamu ya kuazima tukiwa angani: 420, 290, 340.

Mwenye pumu atazielewa mara moja. Natembea na kifaa kidogo cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi. Unajaza hewa kifuani, unapuliza kwa mkupuo mmoja, kishale kinasimama kwenye namba. Nikiwa mzima napata 420. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya hapo, najua mirija ya hewa imeanza kubana. Ikishuka chini ya nusu, ni kukimbilia hospitali. Siku ile nilipima getini kabla ya kuingia, kwa mazoea tu, nikapata 420. Saa moja na nusu baada ya kuruka nilipata 290, na safari nzima ilikuwa ya kuchukua saa nane.

Kwangu mimi huanza na kaakaa. Linawasha kwa ndani, na kulisugua kwa ulimi hakusaidii kitu. Mwanzoni nilidhani ni ukavu wa hewa, maana hewa ya ndegeni ni kavu kweli, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Nikanywa maji. Macho yakafuata, yakawa kama yamemwagiwa mchanga. Kisha nikausikia mluzi kifuani mwangu, ule mwembamba unaokuja mwisho wa pumzi, na hapo nikajua hili si suala la ukavu.

Nikainama kutafuta pochi ya dawa. Karibu na mguu wangu wa kushoto, chini ya kiti 22B, kulikuwa na begi laini la kijivu lililofunikwa mtandio. Mtandio uliteleza kidogo, nikaona wavu, na nyuma ya wavu macho mawili ya njano.

"Samahani mdogo wangu," nilimwambia binti aliyekaa 23B, "huyo ni paka?"

"Ndiyo dada. Amekusumbua? Hajalia hata mara moja."

Alisema kweli. Paka alikuwa mtulivu kuliko abiria wengi. Nilipotoa inhela na lile bomba la plastiki la kuvutia dawa taratibu, binti alinitazama, akamtazama paka wake, akaanza kulia. Aliniambia alitoa taarifa ya paka siku tano kabla ya safari, akalipia, akaleta vyeti vya daktari wa mifugo, akapima begi mara mbili nyumbani ili lisizidi vipimo. Hakuvunja kanuni hata moja. Mimi pia nilikuwa nimetoa taarifa. Siku ya kukata tiketi, kwenye nafasi ya kueleza hali ya afya, niliandika: pumu, mzio mkali wa paka.

Yaani shirika lilikuwa na taarifa zetu sote wawili, likatukalisha bega kwa bega.

Mhudumu aliyekuja alikuwa kijana mwenye utu, na sitaki mtu adhani namlaumu yeye. Ndege ilikuwa imejaa. Alipita safu hadi safu akiuliza kwa sauti ya chini nani angekubali kubadilishana kiti, huku mimi nikihesabu pumzi. Ilichukua kama dakika 40 hadi mzee mmoja wa safu ya 9 akakubali kuja nyuma. Nilipofika kule nilikuwa nimevuta dawa mara nane kwa awamu mbili, nikapima tena: 340. Namba haikupanda zaidi ya hapo hadi tulipotua. Sababu naijua sasa. Nilihama na blauzi yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mwenye mzio wa paka neno hilo ni kweli kama lilivyo, neno kwa neno. Nilimaliza safari ile kwa daktari, na siku tano za prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe wa mirija, vinavyonikosesha usingizi.

Watu hudhani tatizo ni manyoya, ndiyo maana huniambia, "Lakini si alikuwa ndani ya begi?" Kinachonidhuru ni protini. Ile kubwa ya paka wanasayansi huiita Fel d 1. Inatoka kwenye mate yake na kwenye tezi za ngozi. Paka anapojilamba huipaka mwili mzima, inakauka, inapeperuka pamoja na vijichembe vya ngozi. Sehemu yake hubebwa na chembe ndogo sana, chini ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinazoweza kuelea kwa saa kadhaa na kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Wavu wa begi hauzizuii, kwa sababu wavu upo ili paka apumue. Mbwa naye ana zake, maarufu ikiwa Can f 1. Na wale mbwa wanaouzwa kwa sifa kwamba hawaleti mzio, watafiti walipokwenda kupima vumbi la nyumba zao walikuta protini hiyo kama kwenye nyumba za mbwa wengine. Mbwa asiyemwaga manyoya bado ana mate na ngozi.

Jibu la pili ninalopewa ni vichujio. Ni kweli, ndege nyingi kubwa za kisasa zina vichujio vya HEPA, vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, na hewa ya ndani hubadilishwa mara 20 hadi 30 kwa saa. Navishukuru, na nisingekubali kupanda na paka ndege isiyo navyo. Ila fikiria njia ya hewa yenyewe. Inashuka kutoka darini, inapita kwenye vichwa na vifua vyetu, inatokea chini kando ya kuta, ndipo nusu yake hivi inarudi kwenye kichujio. Chembe inayotoka chini ya kiti 22B, hasa mtu akisogeza miguu au begi, iko karibu na pua yangu kuliko kichujio. Kichujio kinamkinga abiria wa safu ya 9. Jirani wa paka hakimfikii kwa wakati. Na hakuna kichujio kinachosafisha kitambaa cha kiti.

Lakini njia hiyo hiyo ya hewa ndiyo inayonipa matumaini. Kwa kuwa hewa inashuka zaidi kuliko inavyosafiri kutoka mbele kwenda nyuma, umbali wa safu chache unabadilisha mambo kabisa. Kanada waliliona hili mapema. Mwaka 2012 chombo chao cha kusimamia usafirishaji kilitoa uamuzi kuhusu mzio wa paka: abiria ambaye mzio wake unahesabiwa kuwa ulemavu, akitoa taarifa mapema, atenganishwe na paka kwa safu zisizopungua 5, tena wakati wa kupanda, wa kushuka, hata wa kwenda chooni. Kipande hicho cha choo kilinigusa sana niliposoma mara ya kwanza. Aliyekiandika alimsikiliza mtu mwenye pumu. Marekani nako, mbwa msaidizi wa mtu mwenye ulemavu na abiria mwenye mzio mkali wakikutana ndege moja, shirika linatakiwa kuwahudumia wote wawili kwa kuwakalisha mbali, na hakuna anayefukuzwa kwa ajili ya mwenzake.

Wapo wanaotaka wanyama wa kufugwa waondolewe kabisa sehemu ya abiria. Jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada lilitoa hoja hiyo kwenye tahariri ya mwaka 2010, na hoja zake ni nzito: mnyama anaweza kusafiri kwa njia nyingine, pafu halina njia nyingine. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na usiku ule wa 290 ningeitia saini. Leo siiungi mkono. Kule chini kwenye mizigo si salama kwa kila mnyama. Mbwa na paka wenye pua bapa hupumua kwa shida hata sebuleni, na joto na hofu vikiongezeka wanaweza kufa, ndiyo maana mashirika mengi hayawapokei kabisa huko. Halafu, hata tukiwaondoa wote, protini ya paka itaendelea kupanda ndege kwenye makoti ya wenye paka. Imekutwa kwenye viti vya madarasa ambayo paka hajawahi kukanyaga. Na mbwa anayemwongoza mtu asiyeona ni macho ya mtu, siwezi kumwambia aache macho yake nyumbani.

Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kinaniuma zaidi kwa sababu ya udogo wake. Shirika linajua kila mnyama aliyemo kwenye sehemu ya abiria. Linaweka idadi ya juu kwa kila safari, linataka taarifa mapema, linajua kiti cha mwenye mnyama. Pia lina orodha ya abiria waliotaja mzio. Orodha hizi mbili zinalala kwenye kompyuta moja na hazikutanishwi. Anayezikutanisha ni mhudumu, angani, mlango ukiwa umeshafungwa, mtu akiwa tayari anapiga mluzi kifuani. Barua niliyoandika baada ya safari ilijibiwa kwamba mnyama yule alibebwa kwa kufuata taratibu. Sikuwa nimelalamika kwamba zilivunjwa. Niliuliza kwa nini taratibu zenyewe hazina mahali pa kuniona.

"Si umeze tu dawa?" Nameza. Setirizini, dawa ya mzio, nameza kabla ya kila safari, inasaidia pua na macho. Haifungui mirija iliyobana, na anayeitegemea hiyo peke yake kwa pumu anajidanganya. Inhela haiendi kwenye kabati la juu, inakaa mwilini, na ya akiba inakaa kwenye begi la mkononi. Tundu la hewa juu ya kichwa nalifungua na kulielekeza lishuke mbele ya uso, kwa sababu hewa itokayo pale ni safi. Nabeba blauzi ya pili kwenye mfuko uliofungwa. Na siku hizi nikiketi tu, kabla hata ya kufunga mkanda, nawauliza jirani wa pande zote kama kuna aliyebeba mnyama. Wengine hunishangaa. Kuuliza wakati mlango bado uko wazi kunachukua nusu dakika, na wakati huo viti bado vinaweza kubadilishwa.

Kwa wewe mwenye paka au mbwa, na najua mnasoma maana mmeniandikia: siwachukii, nimewahi kulala nje ya mlango wa chumba cha rafiki yangu ili tu nimsikie paka wake akikoroma. Futa begi kwa nje na kitambaa chenye unyevu kabla ya kutoka, kisha badilisha nguo, kwa sababu ukishambeba kifuani ukampakia, wewe mwenyewe ndiye umeibeba ile protini. Usimpe dawa ya usingizi bila daktari wa mifugo. Kwenye urefu ule inaweza kumshusha presha vibaya, na wewe hutajua kama amelala au amezidiwa. Usifunike begi kwa namna ya kumficha. Waambie majirani. Binti wa 23B aliniambia baadaye, tukisubiri mizigo, yeye mbali na mimi mbali tukipaziana sauti, kwamba hakusema kwa kuogopa watu wangemkasirikia. Namwelewa. Mimi nami kwa miaka mingi sikuuliza, kwa kuogopa hicho hicho.

Mwezi uliopita nilisafiri tena, shirika tofauti. Nilipiga simu saa 48 kabla. Dada aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Subiri kidogo." Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Haikufika dakika mbili.

"Kuna paka mmoja safu ya 6, na mbwa mdogo safu ya 12," alisema. "Nakuhamishia 27. Choo cha nyuma kiko karibu nawe, hutahitaji kupita mbele."

Nilibaki kimya hadi akauliza kama bado nipo. Nilipotua nilipima nikiwa bado kwenye kiti, watu wakishusha mabegi. Ilikuwa 410.

Nilikuwa nimemwuliza, kabla hatujaagana, kama ombi langu limebaki kwenye kumbukumbu kwa safari ya kurudi.

"Hapana dada," alisema, na nilisikia kwamba naye halimpendezi. "Mfumo hauna sehemu ya kuliandika. Nimetazama orodha mwenyewe tu. Ya kurudi itabidi upige tena, na umweleze atakayepokea."