Jina Moja kwenye Kazi ya Wawili

Mwenzangu ndiye aliyeuona mpangilio ule; mimi nilikuwa mkono tu uliouandika. Tulikuwa tumekaa mbele ya skrini moja, mimi nikiwa na kibodi na yeye akifuata kila mstari kwa macho, tukitengeneza sehemu ya programu iliyopokea malipo. Msimbo wangu ulikagua kwanza iwapo namba ya muamala ilikwisha kushughulikiwa, kisha ndipo ukaifunga rekodi ya akaunti, ombi jingine lisiiguse, ili kukata fedha. Akanizuia. "Ngoja, kaka. Funga kwanza, ndipo ukague." Alichukua kalamu akanichorea maombi mawili ya muamala uleule yakifika kwa pamoja: yote mawili yanakagua, yote mawili yanakuta hakuna kilichofanyika, na mteja anakatwa mara mbili. Nikapandisha mistari miwili juu, majaribio yakapita, nikaandika komiti, yaani badiliko la msimbo linalohifadhiwa kwenye historia pamoja na maelezo yake, yenye ujumbe wa maneno manne, "Rekebisha mpangilio wa malipo", nikaipeleka kwenye seva.

Kompyuta ilikuwa yangu, kwa hiyo jina lililoandikwa lilikuwa langu. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, huipa kila komiti nafasi ya mwandishi mmoja na nafasi ya mtu mmoja aliyeiingiza, na kwa kawaida zote mbili hujazwa kutokana na mipangilio ya mashine inayotumika. Wanaoandika programu wawili wawili humwita mwenye kibodi dereva na mwenzake mwelekezi, lakini Git humjua dereva peke yake. Siku ile sikulitafakari jambo hilo hata kidogo, na mwenzangu, ambaye hana tabia ya kudai, hakusema kitu.

Miezi kadhaa baadaye alikwisha kuhamia timu nyingine. Kijana aliyepewa kazi ya kuongeza kasi ya malipo alishangaa kwa nini rekodi inafungwa mapema kiasi kile, akaendesha amri ya git blame, inayoonyesha aliyebadilisha kila mstari mara ya mwisho, akaliona jina langu, akanifuata. Nilikuwa na haraka. Nilijaribu kukumbuka, sikukumbuka, na badala ya kukiri hivyo nilimwambia kwamba nadhani mpangilio hauna uzito. Aliugeuza. Hazikupita siku nyingi malalamiko ya wateja waliokatwa mara mbili yakaanza kuingia, na nilipoiona orodha yao, mchoro ule wa kalamu ulinirudia wote kwa mara moja.

Kosa lilikuwa langu, si la yule kijana. Aliuliza mahali ambapo kumbukumbu ilimwelekeza, na kumbukumbu ilimpeleka kwa mtu asiyekuwa na jibu. Hadi leo hilo linaniuma kuliko suala la sifa, ingawa la sifa nalo si dogo: kwa muda wote ule, yeyote aliyepitia historia ya sehemu ile angedhani mwenzangu hakuwahi kuigusa.

Nilimpigia simu. "Dada, ule mpangilio wa kufunga kwanza ulikuwa wako, nami niliuandika kwa jina langu. Naomba radhi." Alikuja mchana uleule. Nilitaka tuirekebishe komiti ya zamani, naye akanikataza, tena kwa haki, kwa sababu kubadilisha ujumbe wa komiti hubadilisha kitambulisho chake na vitambulisho vya komiti zote zilizoifuata, na kila mwenye nakala angejikuta na historia isiyolingana na ya wenzake. Tukaamua kuandika komiti mpya, safari hii yeye akiwa na kibodi.

Aliurudisha mpangilio, akaeleza sababu katika ujumbe kwa aya nzima, kisha akaacha mstari mtupu, na mwishoni kabisa nikamsomea mstari wa kuongeza: Co-authored-by, nukta pacha, jina langu, na baruapepe yangu ndani ya alama za pembe. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, ilianza kuutambua mstari huo mwaka 2018, nao huonyesha picha za waandishi wote kando ya komiti. Tulipoipeleka kwenye tawi letu, yaani mkondo wa kazi uliotengwa na msimbo mkuu, picha yangu haikutokea. Nilikuwa nimemsomea baruapepe ya zamani, isiyounganishwa na akaunti yangu, na bila hiyo mfumo haukuwa na njia ya kunitambua. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa amelichukua tawi lile, tuliisahihisha komiti na kuipeleka upya, na picha mbili ndogo zikakaa bega kwa bega.

Amri ya git blame bado huonyesha jina moja kwa kila mstari. Kwa mistari ile miwili sasa huonyesha la mwenzangu, na anayeufungua ujumbe wote hulikuta langu chini. Wiki chache baadaye mtu mwingine aliuliza swali lilelile la kasi. Safari hii alimwendea yeye, naye akamchorea maombi mawili.