Upande wa Mnyororo

Sanduku lilifika Alhamisi jioni, begani mwa kijana mmoja. Hilo tu lilinitia shaka. Baiskeli niliyoijua tangu utotoni ni ile ya chuma cheusi ya marehemu baba, ambayo kuipandisha ngazi tatu kulihitaji watu wawili na maneno makali. Huyu kijana aliitua yangu mlangoni kama anayetua godoro, akanipa simu yake nitie sahihi kwa kidole, akashuka huku akipiga mluzi. Nikabaki naangalia boksi refu, jembamba, lenye mshale mkubwa wa kuonyesha juu ni wapi. Mshale ulikuwa unaelekea chini.

Nilikuwa nimeisubiri siku 11, na kabla ya hapo nilikuwa nimeiwekea akiba miezi minane. Katikati ya hayo mawili kuna wiki tatu ambazo sikulala vizuri. Nilikuwa kitandani na simu, nikiwapitia wauzaji mmoja baada ya mwingine. Ukiwa na miaka 43 na kitambi, ni heri umtamani mnyama yule mwenye usukani wa pembe za kondoo ukiwa peke yako, taa imezimwa.

Kununua baiskeli ya mbio mtandaoni ni kununua tarakimu. Huwezi kuinyanyua, huwezi kuibana breki. Unapewa 50/34, yaani meno ya sahani mbili za mbele, 11-32, gia tisa za nyuma, tairi za 700x28, kilo 9.8. Mwanzoni nilizisoma kama namba za simu za watu nisiowajua. Kufikia wiki ya pili niliweza kueleza kwamba ukiweka meno 34 mbele na 32 nyuma, miguu ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja na kidogo tu, na kwamba hiyo ndiyo gia ya kumwokoa mtu wa aina yangu mlimani. Nilimweleza mke wangu. Akaniuliza kama nimeshalipa bili ya maji.

Picha zilikuwa sita, zote za upande mmoja, upande wa kulia wenye mnyororo na gia. Ndivyo baiskeli zinavyopigwa picha karibu kila mahali, kwa kuwa urembo wote uko huko. Upande wa pili ni fremu tupu na mkono mmoja wa krenki, ule unaoshika pedeli, unaoning'inia. Nilizikuza picha zile mpaka nikajua maandishi ya ubavuni mwa tairi. Upande wa kushoto sikuwahi kujiuliza ukoje.

Kilichonitesa ni saizi. Jedwali la muuzaji lilisema mtu wa sentimita 170 hadi 176 achukue fremu ya 54, na wa 175 hadi 181 achukue ya 56. Mimi ni 175. Binti yangu ndiye aliyenipima: nikasimama pekupeku, mgongo ukutani, nimebana kitabu cha hesabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa, yeye akichora mstari wa penseli ukutani na kunikemea, "Baba usichuchumie!" Kutoka sakafuni hadi kwenye mstari ilikuwa 82. Waendesha baiskeli wana kanuni yao ya zamani: zidisha urefu huo kwa 0.883, utapata umbali wa kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Yangu ikatoka 72.4. Namba hiyo ilikaa sawa kwa fremu zote mbili, kwa hiyo haikunisaidia kitu, lakini mstari wa penseli bado upo ukutani na wageni hudhani ni wa mtoto. Mwishowe nilichagua 54 kwa hoja moja: baiskeli ndogo unaweza kuinua siti na kubadilisha shingo ya usukani ikaongezeka urefu, ila kubwa huwezi kuipunguza. Nikabonyeza kitufe saa sita usiku. Dakika moja baadaye nikatamani ningechukua 56.

Basi, Alhamisi hiyo nikalipasua boksi sebuleni. Wakati mwingine bado naisikia harufu ile ya mpira mpya na mafuta ya mnyororo. Fremu ilikuwa imevishwa sponji kama mtu aliyefungwa bandeji, na gurudumu la mbele limefungwa ubavuni kwa vikamba vya plastiki. Usukani ulikuwa unaning'inia kwenye waya zake, na katikati ya ncha za uma wa mbele kulikuwa na kijiti cha plastiki kilichowekwa ili zisije zikabanwa njiani. Pedeli zilikuwa kwenye kijiboksi chao peke yao. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha michoro mitupu.

Usukani sikupata nao shida. Boliti zake nne zimeandikwa 5 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza, na mimi kifaa cha kupimia sina, kwa hiyo nilizikaza kidogo kidogo kwa zamu, kwa kifunguo kifupi na nguvu ya vidole viwili. Siti nayo ikaingia. Hapo nikafanya jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kuziba pancha hulifanya bila kufikiri: nikaigeuza baiskeli juu chini, ikasimama kwa siti na usukani.

Pedeli moja ilikuwa na R kwenye ncha ya ekseli, nyingine L. Kijitabu kilionyesha R ni ya kulia. Nikasimama nyuma ya gurudumu la nyuma, nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikaupata mkono wa krenki, nikaanza kufunga R.

Ilikataa. Niliizungusha kwa vidole, ikauma kidogo, ikakwama. Nikasema moyoni, kitu kipya lazima kibane. Nikachukua spana namba 15. Chuma cha ekseli ni kigumu, mkono wa krenki ni wa aluminiamu, na spana ni ndefu. Wala sikuhitaji nguvu nyingi. Ikaingia robo mzunguko, ikalia, ikaingia nusu. Nilipomaliza mzunguko wa pili niliona kitu kinang'aa ukingoni mwa tundu, uzi mwembamba wa fedha uliojikunja kama unyoya wa kifaranga. Nikaugusa. Ukanikata.

Hapo ndipo nilipotazama mnyororo. Ulikuwa upande wa pili, upande wa mkono wangu wa kushoto, kwa sababu baiskeli ilikuwa imesimama kwa kichwa na kulia kwake kumekuwa kushoto kwangu. Nilikaa sakafuni katikati ya makaratasi. Mke wangu alichungulia, akanitazama usoni, akarudi alikotoka.

Usiku ule ule niliwaandikia huduma kwa wateja. Bado ninayo barua pepe ile: "Nimepokea baiskeli leo. Tundu la pedeli kwenye krenki ya kushoto limefika likiwa limeharibika. Naomba mnitumie mkono mwingine." Kuipokea leo, kweli. Kuharibika, kweli kabisa. Uongo wote ulikaa kwenye neno moja, "limefika", na nilikuwa nimelipita haraka wakati wa kuandika, kama mtu anayepita mbele ya anayemdai.

Ijumaa asubuhi nikajibiwa na dada mmoja, kwa upole ulionifanya niiweke simu chini. Alinipa pole, akasema mkono mpya utatumwa bila malipo, na akaomba picha mbili tu: ya tundu, na ya ncha za pedeli zote mbili.

Nilizitazama ncha hizo kwa muda mrefu. L ilikuwa safi, ina grisi yake ya kiwandani. R ilikuwa imebeba aluminiamu katikati ya meno yake ya skrubu, inang'aa. Mtu yeyote anayefanya kazi ile angehitaji sekunde tano. Nilifikiria kuisugua kwa mswaki. Nilikwenda hata kuuchukua mswaki, mzee wa kusafishia viatu, nikausimamisha kwenye kikombe, kisha sikuugusa tena siku nzima.

Mjomba alikuja Jumamosi. Mimi sikumwita; mke wangu ndiye aliyempigia. Mjomba wangu amekuwa fundi baiskeli tangu kabla sijazaliwa, zile nyeusi nzito, na hizi za mbio anaziangalia kama anavyowaangalia watu wanaovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake tayari yako kwenye krenki.

"Uliigeuza," akasema.

"Niliigeuza, mjomba."

"Upande wa mnyororo ndio kulia. Uilaze, uigeuze, uitundike juu ya mti, kulia ni kwenye mnyororo."

Akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kuandika orodha ya vipuri. Akaishika ndani ya ngumi ya kushoto bila kuibana, akashika ncha yake kwa kidole cha mkono wa kulia na kuanza kuizungusha ncha ile duara, polepole. Nikaona kalamu yenyewe inajigeuza ndani ya ngumi, taratibu, kinyume cha duara analochora. Ndivyo ekseli ya pedeli inavyofanya ndani ya tundu lake, akasema: mguu unaikandamiza huku krenki inazunguka, nayo inajisokota kidogo kidogo. Kama pedeli zote zingefungwa kwa mwendo wa saa, ya kushoto ingejifungua yenyewe njiani. Kwa hiyo ya kushoto meno yake yamekatwa kinyume. Unaikaza kwa kuizungusha kinyume cha saa. Nilikuwa nimeendesha baiskeli miaka 35 bila kujua. Nikamwomba arudie ile ya kalamu, akarudia, halafu binti yangu akaja, akarudia tena.

Kisha akaingiza kidole kidogo kwenye tundu. "Umekula meno mawili, matatu. Huku nyuma mazima." Akapaka grisi pedeli ya L, iliyo halali ya upande ule, na badala ya kuiingiza kwa mbele akaianzishia nyuma ya mkono wa krenki, kule inakotazama fremu, ambako meno hayajaguswa. Ili apate nafasi aliufungua mkono wenyewe kwenye ekseli na kuuweka mapajani. Akaizungusha kwa vidole vitatu. Ilipofika kwenye meno yaliyoharibika alipunguza mwendo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, apulize, nusu mbele, robo nyuma. Kila mara vichembe vya aluminiamu vikidondoka kwenye suruali yake. Meno mazima yalikuwa yanaiongoza pedeli, nayo pedeli inayanyoosha mabovu. Hakuna kilichonifurahisha katika baiskeli ile, wala gia wala rangi, kama zile dakika 20 za kuangalia vidole vyake. Mwishowe ncha ikachomoza mbele. Akaitoa, akaiingiza kwa upande wake wa kawaida, ikaenda laini mpaka mwisho.

Alipokuwa ananawa nilimwambia habari ya barua pepe. Sijui nilitarajia nini. Alijifuta mikono kidole kwa kidole.

"Sasa huo mkono mpya ukija," akauliza, "utaufunga wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa nikaandika. Nilisema krenki ilifika nzima, kwamba niliigeuza baiskeli na kufunga pedeli ya kulia kushoto, kwamba imetengenezwa na sihitaji kutumiwa kitu. Nikaambatisha picha mbili, na ile ya R sikuisafisha.

Jibu lilikuja Jumatatu, mistari miwili. "Asante kwa kutuambia. Wengi huigeuza juu chini. Tafadhali kagua pedeli ya kushoto baada ya kilomita chache za mwanzo." Nililisoma mara nne nikitafuta kejeli, na sikuipata.

Nilitoka nayo Jumanne kabla ya jua. Ukizoea baiskeli nzito, ile ya mbio inakutisha: unaikanyaga kidogo tu nayo imeshaondoka, na usukani unafuata hata mawazo yako. Nilikuwa nimekwenda kilomita moja hivi, na nimeanza kujisahau, niliposikia tik. Halafu tik. Tik. Chini, upande wa kushoto, kama wembe unaogonga kikombe. Jasho likanitoka ambalo halikuwa la mazoezi. Nilijua ni tundu lile. Niliiona pedeli inang'oka, mimi na mkono mpya nilioukataa tumelala barabarani.

Nikaacha kukanyaga, nikaiacha iteleze yenyewe. Miguu imesimama, krenki imesimama. Tik, tik, tik.

Basi haikuwa pedeli. Nikashika breki, nikashuka, nikapapasa spoku moja moja gizani hadi vidole vikakutana nacho: kipande cha kikamba cha plastiki nilichosahau kukikata, kimebaki kwenye gurudumu la mbele na ncha yake inagonga uma kila linapozunguka. Kisu sikuwa nacho. Nikapiga magoti, nikakikata kwa meno, nikakitia mfukoni, nikapanda.