Tulivyoadhimisha miaka 60 ya skuli yetu katikati ya msimu wa karafuu

Skuli yetu, iliyopo kaskazini mwa Pemba, ilianza mwaka 1964, mwaka ambao Mzee Abeid Amani Karume alitangaza, tarehe 23 Septemba, kuwa elimu Zanzibar itatolewa bila ya malipo. Kwa hiyo ilipofika 2024 na mimi nikakabidhiwa ukatibu wa kamati ya maadhimisho, sikuona mwezi mwengine unaofaa zaidi ya Septemba. Karibu kila niliyemuuliza alinipinga. Niliambiwa kwamba wakati huo watu wamo mikarafuuni, hakuna atakayekuja wala kuchangia, na kwamba afadhali tusubiri msimu umalizike tukodi ukumbi mjini. Ushauri huo ulinikera, kwani wengi wa walioutoa wamehamia Unguja zamani na wamesahau kwamba mkulima wa Pemba huwa na fedha mkononi pale karafuu zake zinapopimwa.

Kazi ngumu ilikuwa kuwapata wanafunzi wa mwanzo, kwa kuwa daftari lao liliharibiwa na mchwa. Vijana walianzisha kundi la WhatsApp, likajaa haraka, lakini waliojiunga ni waliomaliza juzi juzi, na mazungumzo yote yakawa ya rangi ya fulana. Sheha alitusaidia kwa moyo safi, ila majina aliyokuwa nayo ni ya wanaoishi shehiani mwake, ilhali wengine wameolewa Micheweni au wanaishi Mkoani.

Ndipo nilipoikumbuka picha moja ya zamani, ya watoto waliojipanga safu pamoja na maalim wao. Niliipeleka Chake Chake ikakuzwa, nikaibandika kwenye ubao, kila sura nikaitia nambari, kisha nikaomba ruhusa ya kuuweka ubao huo nje ya kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pale wakulima wanaposubiri karafuu zao zipangwe daraja na kupimwa. Daftari nililifunga kwa uzi pembeni. Mtu aliyekaa na magunia yake kusubiri zamu hana haraka ya kwenda popote, na haukupita muda watu wakawa wanashindana kutambua masikio na mapaji ya nyuso. Bibi mmoja alimtambua dada yake kwa namna alivyojitanda mtandio. "Andika, mwanangu," aliniambia, "huyu ni marehemu, lakini mtoto wake yupo Wete, nenda ukamwambie." Kila jina lilivuta jina jengine, na mshika fedha wetu, aliyekaa hapo hapo na kitabu cha stakabadhi, alipokea elfu moja kwa huyu na laki kwa yule bila ya mtu kupangiwa kiwango. Anayetaka kufanya shughuli kama hii asiache stakabadhi, hata kwa mchango wa shilingi mia tano.

Ukumbi hatukukodi. Tulikutana Ijumaa baada ya sala katika uwanja wa skuli, juu ya majamvi ya kuazima, tukaanza kwa kuwarehemu walimu na wanafunzi waliotangulia, wakafuata watoto na kasida zao, na akina mama wakapakua pilau. Wazee wa picha ile waliitwa kwa nambari zao wakakaa mbele kwa safu ile ile, na nafasi za marehemu wakakaa watoto au wajukuu wao. Gharama yote haikufika nusu ya tuliyotajiwa kwa ukumbi.

Daftari jipya la majina sasa limo ofisini kwa mwalimu mkuu, na nakala yake ninayo. Nimeshapewa picha ya darasa jengine la miaka ya sabini, na msimu ukifunguliwa ubao utarudi kituoni.