Kumbukumbu ya Mradi: Bibi Pasi Aenda Angani

Mei

Muswada umekamilika, na kuanzia sasa nitaandika hapa maendeleo ya kila hatua hadi filamu iishe. Ni katuni ya watoto ya dakika nane, inayosimulia safari ya vyombo vya nyumba moja ya Mbeya kwenda anga za juu. Kiongozi wa safari ni Bibi Pasi, pasi ya mkaa aliyewekwa stoo tangu umeme ulipoingia nyumbani. Amefuatana na Koroboi, mdogo kuliko wote. Redio wa betri. Chungu aliyefinyangwa na akina mama wa Kikisi huko Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa. Na Kikapu cha milulu kutoka Iringa, ambaye kila anayekutana naye humsalimu "Kamwene" kabla hajamuuliza jambo lolote.

Safari inaanza kwa habari anayoitoa Redio usiku mmoja, kwamba kimondo cha Mbozi ni chuma. Kimondo hicho kiko Ndolezi, upande wa barabara iendayo Tunduma, na kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Bibi Pasi, ambaye maisha yake yote ameamini kuwa chuma hutoka ardhini tu, anataka kupaona alikotoka ndugu yake huyo. Wanasayansi wanaeleza kwamba vimondo vya namna hiyo ni vipande vya viini vya magimba madogo yaliyogongana na kuvunjika zamani sana, na magimba mengi ya jamii hiyo yamo katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Huko ndiko anakotaka kwenda, na njiani watatua Mwezini.

Nimejiwekea sharti moja ambalo nalijali kuliko uzuri wa picha: kila chombo kikifika angani kifanye kile ambacho chombo cha aina hiyo kingefanya kweli huko. Mtoto wa Uyole au wa Makambako anaijua koroboi kwa mikono yake, anajua inavyotoa moshi na inavyozimika upepo ukiingia dirishani. Akiona koroboi hiyohiyo ikibadilika mahali pasipo na uzito wala hewa, ataielewa anga vizuri zaidi kuliko akionyeshwa mitambo ambayo hajawahi kuigusa. Kuongea kwa vyombo na umbali wa safari yenyewe nimeviachia hadithi, maana bila hivyo hakuna katuni. Yaliyobaki yote yafuate maumbile.

Juni

Mwezi huu umekwenda kwenye kutengeneza wahusika. Filamu inapigwa picha moja moja: mhusika anasogezwa kidogo, anapigwa picha, anasogezwa tena. Filamu za sinema hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, lakini kwa kazi ya namna hii picha 12 kwa sekunde zinatosha, kila moja ikishika nafasi ya mbili, na jicho halioni mkatiko. Hata hivyo dakika moja inadai picha 720, na dakika nane zinadai 5,760, kwa hiyo mhusika akiwa mzito au asiposimama vizuri kazi haiendi.

Pasi halisi ya chuma haiwezi kutumika, kwa sababu haishikiki kwenye hali ya kuelea. Nimemchonga Bibi Pasi kwa vipande vya msindano vilivyobaki kwenye karakana ya seremala jirani, mbao za Sao Hill ambazo ni nyepesi na hazichoshi patasi. Nikampaka masizi yaliyochanganywa na gundi, kisha nikamsugua kingoni kwa unga wa penseli hadi aking'aa kama chuma kilichotumika. Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni jogoo. Pasi nyingi za mkaa zina jogoo mdogo wa chuma kwenye komeo la mbele, anayeshikwa wakati wa kufungua kifuniko. Nimemtengeneza jogoo huyo aweze kugeuza shingo kwa waya mwembamba uliopita ndani ya kifua, na nimempa kazi yake mwenyewe katika hadithi, ya kuwika kila jua linapochomoza. Chombo kinachozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban dakika 90, kwa hiyo jua huchomoza mara 16 kwa siku moja. Jogoo anajitahidi kuwika mara zote hizo, na wenzake wanamsihi apumzike. Wakitua Mwezini mambo yanageuka, kwa kuwa toka macheo hadi macheo ni karibu siku 29 na nusu za huku kwetu, naye anangoja mwanga hadi anaanza kutilia shaka kazi yake.

Chungu na Kikapu sikuwatengeneza upya. Nimewapata wa kweli katika vipimo vidogo. Gundi ya unga niliyoitumia kwa viungo vya Redio imechelewa sana kukauka kwa baridi hii ya Juni, na kila kiungo kililazimika kulala karibu na jiko.

Julai

Nimekaa na suala la usafiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nililitaka liwe sahihi kwa mtoto na salama kwake. Ungo ulipendekezwa na kila niliyemsimulia hadithi. Nimeukataa, kwa kuwa katika nchi yetu ungo unaoruka usiku una abiria wake wanaojulikana, na mzazi akiuona ataifikiria habari hiyo badala ya kufuata safari ya Bibi Pasi.

Nimechagua pipa la mafuta. Lipo katika nyumba nyingi kwa ajili ya kukinga maji ya mvua, lina mfuniko, na ndani yake wahusika wote wanaenea. Tena lina historia yake hapo jirani tu: mwaka 1964 mwalimu mmoja wa Zambia, Edward Makuka Nkoloso, aliwaandaa vijana kwa safari ya Mwezini na Mirihi, na zoezi lao mojawapo lilikuwa kubingirishwa mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee hali ya kukosa uzito. Wengi waliandika habari zake kwa kumcheka. Mimi namheshimu kwa kuthubutu kusema kwamba anga si ya mataifa mawili makubwa peke yake, na pipa la filamu yangu litapakwa rangi kwa kumkumbuka.

Injini ilikuwa ngumu zaidi. Katika muswada wa kwanza palikuwa na kijana Mtungi, mtungi wa gesi aliyehamia jikoni juzi na kujiona bora kuliko vyombo vya mkaa. Gesi ikitoka nyuma kwa kasi, chombo husukumwa mbele, na hiyo ndiyo kanuni yenyewe ya roketi. Kisayansi hakukuwa na kasoro, lakini filamu ya watoto haipaswi kuonyesha vali ya mtungi wa gesi ikifunguliwa kama mchezo. Nimemwondoa Mtungi, na nafasi yake wameichukua wawili: Chupa ya soda iliyojazwa maji theluthi moja, na Pampu ya baiskeli. Hewa ikibanwa ndani ya Chupa, maji husukumwa nje kwa nguvu na Chupa hupaa upande wa pili. Mtoto anaweza kulifanya jaribio hilo uwanjani akiwa na mtu mzima, na kanuni ni ileile.

Hapa nimeweka maongezi ambayo nayapenda. Koroboi anauliza angani watajisukumaje ikiwa hakuna hewa ya kukanyagia, na Pampu anamjibu: "Sisi hatukanyagi hewa, mdogo wangu. Tunatupa kitu nyuma, nacho kinatutupa mbele." Watu wazima wengi hudhani roketi husukuma hewa iliyo nyuma yake, kama ingekuwa hivyo, isingekwenda popote baada ya kutoka kwenye angahewa. Kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde, inayohitajika ili kuachana kabisa na mvutano wa dunia, chupa ya soda haiifikii kamwe, na hilo nimelihesabu katika yale niliyoiachia hadithi.

Agosti

Tumeanza kupiga picha. Kamera ni simu iliyofungwa kwenye stendi, na matukio yote ya kuelea yanapigwa kutoka juu: wahusika wamelazwa kwenye kioo cha dirisha kilichoinuliwa kwa matofali, na chini ya kioo, mbali kidogo, pametandikwa kitambaa cheusi. Kwa njia hiyo hakuna uzi wala waya wa kuficha, na mhusika anaweza kugeuzwa upande wowote bila kuanguka. Kioo huakisi simu yenyewe, kwa hiyo nimeizungushia simu kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi tu. Kazi inafanyika usiku pekee, kwa taa moja ya sola, maana mwanga wa dirishani huhama kila dakika na umeme nao hauaminiki kwa kazi inayotaka mwanga usiobadilika kwa saa nyingi.

Tukio la kwanza lilikuwa la mwali wa Koroboi. Huku chini mwali husimama mrefu kwa sababu hewa iliyopata moto ni nyepesi, hupanda, na nyingine yenye oksijeni huingia kwa chini. Pasipo uzito hakuna chepesi wala kizito, hewa ya moto haipandi, na mwali huwa mviringo, mdogo, wa rangi ya buluu. Nimekata miali kutoka kwenye chupa za plastiki angavu, ya manjano na ndefu kwa mwanzo, kisha mifupi zaidi na zaidi, na mwishoni nimetumia shanga moja ya buluu iliyowekwa juu ya utambi. Kila picha ina mwali wake. Ukitazama mfululizo wote, moto unaonekana ukijikunja kama mtoto anayesikia baridi, kisha unatulia ukiwa kijipira. Koroboi anaogopa akidhani anakufa, na Bibi Pasi anamwambia: "Hujafa, mjukuu wangu. Umesahau tu juu ni wapi."

Wakifungua mfuniko Mwezini ndipo mwali unapozimika kabisa, na makaa yaliyomo tumboni mwa Bibi Pasi nayo yanazimika, kwa kuwa hakuna oksijeni ya kuwasha chochote. Pamoja na moto, sauti nayo inakoma. Niliwaonyesha watoto wa jirani kipande hicho, na mmoja wao akadhani simu imeharibika. Sitaweka muziki hapo. Sauti husafiri kwa kutikisa kitu, na pasipo hewa hakuna cha kutikisika kati ya kinywa na sikio. Lakini vitu vigumu vikigusana mtikisiko hupita. Kwa hiyo katika sehemu nzima ya Mwezini wahusika hawasikilizani mpaka washikane. Koroboi anapiga kelele, midomo inacheza, kimya, anasogea, anaegemeza bati lake kwenye mpini wa Bibi Pasi, na neno linasikika kuanzia katikati: "...bi, mbona hunijibu?" Kutokana na sharti hilo nimepata jambo ambalo nisingelibuni mwenyewe, kwamba wasafiri hawa wanalazimika kukaa karibu karibu ili waendelee kuongea.

Redio ana shida yake. Ni kifaa cha kupokea tu, hawezi kutuma, hivyo anaisikia nyumbani bila nyumbani kumsikia. Tena mawimbi mafupi, ambayo amejivunia miaka yote kwa kuleta habari za nchi za mbali, hurudishwa chini na tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ndiyo maana huvuka bahari. Kwa sababu hiyohiyo, aliye nje ya tabaka hilo huyakosa. Mawimbi ya FM hupenya. Redio anayedharau stesheni za mjini anajikuta akiambulia, kwa uhafifu, tangazo la bei ya viazi mviringo, na wote wanamgusa ubavuni ili walisikie. Tangazo limetumia sekunde 1.3 hivi kufika, kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400.

Septemba

Ardhi ya Mwezi imekamilika. Nimetumia mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayopatikana kwa wingi upande wa Rungwe, nikayatwanga na kuyachekecha. Madoa meusi tunayoyaona Mwezini ni nyanda za lava iliyoganda zamani, kwa hiyo mawe ya mlima wetu yanastahili kazi hiyo. Taa ni moja tu, kali, kutoka upande mmoja, ili vivuli viwe na kingo kali. Anga ni jeusi lisilo na nyota, ingawa watoto wamelalamika: Mwezini mchana, kamera iliyorekebishwa kwa ardhi yenye mwanga mkali kiasi kile haizinasi nyota hafifu. Nyota zitaonekana usiku wa huko utakapoingia.

Kilichobaki ni safari ya kurudi, nayo ni ya Chungu. Chombo kikiingia angahewani kwa kasi kubwa, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kuwa ya moto mno; vyombo vya Marekani vilivyoruka kati ya mwaka 1981 na 2011 vilivumilia zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi kwa vigae vya silika vilivyobandikwa tumboni. Vigae hivyo si udongo wa Ikombe, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya ujazo wake ilikuwa nafasi tupu, na ndiyo iliyozuia joto lisipite. Lakini katika kundi hili mwenye ujamaa wa karibu zaidi na kigae ni Chungu, aliyekwisha kuchomwa kabla ya kuuzwa, na ndiye atakayekaa chini ya pipa. Nimeshapima kwa udongo mbichi namna ufa utakavyoanza kwenye ukingo wake na kushuka picha kwa picha, na nimeamua asivunjike, ila ufa ubaki hadi mwisho wa filamu. Wiki ijayo naanza kukata vipande vya ufa huo, na baada yake tutarekodi sauti, kuanzia ya Bibi Pasi.